Dadu imetoa 20, lakini yeye hakutaka

SWALI: Shikamoo dada. Naendesha mchezo wa kuigiza mezani hapa Mbeya, kila Jumamosi mchana, kwenye chumba cha nyuma cha duka la mjomba wangu kule Soweto. Tuko sita pamoja na mimi. Kampeni yetu, yaani hadithi moja ndefu tunayoiendeleza kila wiki, ina miezi saba sasa, ni ya mji uliozama chini ya Ziwa Ngozi. Kijana mmoja anacheza malenga, mpiga zeze, na kila tukiingia kijijini lazima atongoze mtu: mama ntilie, binti wa chifu, hata mganga. Tulikuwa tunacheka. Wiki tatu zilizopita akamtongoza mhusika wa mchezaji mwenzetu, dada mmoja. Akarusha dadu ya pande ishirini, ikatoa 20, namba ya juu kabisa, akaanza kusimulia anavyomshika kiuno na kumwingiza kwenye hema. Yule dada akacheka kidogo, akaangalia simu, akasema ana mazoezi ya kwaya. Hajarudi tena. Wenzangu wanasema amekuza mambo, aliyetongoza ni mhusika, siyo mtu. Je, nifute mapenzi yote mezani? Naona vigumu, maana wachezaji wengine wawili wana kisa kizuri cha uchumba kati ya wahusika wao na wote tunakisubiri. Tena mdogo wangu wa miaka 16 huwa anakaa nasi na kucheza. Halafu dada mwingine ameniandikia pembeni kwamba angependa mhusika wake, askari wa kike, awe aliwahi kumpenda mwanamke mwenzake. Sijamjibu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo manne, lakini naona linalokunyima usingizi ni moja. Mtu ameondoka mezani kwako akiwa ameumia, na mwenyeji ulikuwa wewe. Sitakuficha: ulikuwa na uwezo wa kusimamisha simulizi ilipofika mlangoni mwa hema, na hukusimamisha. Wengi tumepita hapo. Nimekaa upande wako wa meza na upande wa huyo dada pia. Miaka ya nyuma, kwenye kundi ambalo sitalitaja, mwenzangu alieleza kwa kirefu alivyokuwa anamvua nguo mhusika wangu baada ya vita. Niligeuza kipande cha dadu mkononi mpaka alipomaliza, nikasema nimechoka, nikaondoka. Nilichokumbuka usiku ule hakikuwa maneno ya yule kijana. Nilikumbuka watu wanne waliokuwa wanamsikiliza kimya. Kwa hiyo umefanya vizuri kuuliza, na muda wa kurekebisha bado upo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii: ni hadithi inayotungwa na watu kadhaa kwa pamoja. Kila mchezaji anasema na kutenda kwa niaba ya mhusika mmoja, mwendesha mchezo anasimamia ulimwengu na watu wengine wote, na pale matokeo yanapokuwa hayajulikani dadu inarushwa. Hakuna jukwaa wala mavazi. Kuna meza, karatasi, penseli na maneno, na maneno ndiyo yanayofanya kazi yote.

Ndiyo maana nasema wenzako wamekosea wanapodai aliyetongoza ni mhusika. Mhusika hana kinywa. Maneno ya malenga yametoka kinywani mwa kijana wa kiume aliyekaa karibu na yule dada, huku akimtazama usoni. Mhusika wa yule dada naye hana masikio. Aliyesikia kiuno kikitajwa mbele ya watu ni yeye, na ni yeye aliyerudi nacho nyumbani.

Michezo hii inatufanya tuseme "mimi". "Naingia pangoni, nachomoa panga." Utamu wake uko hapo hapo, kwamba jitu likitokea gizani moyo unakwenda mbio na viganja vinatoa jasho, ingawa kila mtu anajua jitu halipo. Sasa kama mwili unaweza kuogopa jitu lisilokuwepo, unaweza pia kuona aibu kwa mkono usiokuwepo. Mtunzi wa michezo wa Marekani, Emily Care Boss, alilipa jambo hili jina mwaka 2007, na tangu hapo wachezaji wa nchi nyingi wamekuwa wakilijadili. Mimi kwa Kiswahili naliita kuchuja. Loweka kitenge kipya chekundu pamoja na shati jeupe la shule, uone shati litakavyotoka. Hisia za mhusika zinachuja kwa mchezaji, na za mchezaji zinachuja kwa mhusika. Anayekuja mezani akiwa amegombana na mchumba wake, shujaa wake siku hiyo atakuwa mkali. Ambaye mhusika wake amefiwa na mama, anaweza kulia kwenye bajaji akirudi nyumbani. Huo siyo ugonjwa, na mara nyingi ndiyo sababu ya watu kuupenda mchezo huu. Lakini ukishajua kwamba kitenge kinachuja, unaangalia unakiloweka na nguo ya nani.

Tuje kwenye hiyo 20. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, mchezo uliofungua njia ya michezo hii, walitokea kwenye michezo ya vita, ile ya kupanga majeshi ya sanamu ndogo mezani. Kwa hiyo kanuni za kupiga na kupigwa zilikuja nyingi na za kina, na za moyo zikawa chache. Mtu akizoea kwamba namba kubwa inaangusha jitu, bila kufikiri anaona ni haki yake namba kubwa impe na mwanamke. Na hata ukitaka kufuata kitabu, bado kijana wako amekosea. Katika toleo la tano, lililotoka 2014, 20 inakuhakikishia jambo ukiwa unashambulia. Kwenye kushawishi mtu haina nguvu hiyo, na mwendesha mchezo ndiye anayeamua kama dadu irushwe au isirushwe. Kushawishi siyo kuroga. Mezani kwangu kanuni ni fupi: dadu haiamui moyo wala mwili wa mhusika wa mchezaji mwenzako. Anaulizwa mwenye mhusika. Akisema hapana, hapana hiyo inaingia kwenye hadithi na tunaendelea nayo, na mara nyingi hadithi inakuwa nzuri zaidi.

Hapa naomba ujitazame na wewe kidogo. Mama ntilie, binti wa chifu na mganga walikuwa wahusika wako. Wangapi walimkatalia malenga? Kama kwa miezi saba kila mwanamke wa Ziwa Ngozi alilainika mara tu zeze lilipopigwa, basi wewe ndiye uliyemfundisha kijana huyo kwamba kwenye ulimwengu huu wanawake hawakatai. Wape wahusika wako midomo. Mganga ana wagonjwa wanaomsubiri. Binti wa chifu ana mtu wake. Mama ntilie anadai hela ya wali wa jana. Ukifanya hivyo kwa wiki mbili tatu, utaona meza nzima inabadilika bila wewe kuhutubia.

"Lakini alicheka." Najua wenzako watalisema hilo. Wasichana wengi tumelelewa tucheke mtu anapotuvunjia heshima hadharani, kwa sababu ukinuna unaambiwa una maringo, na ukisema unaambiwa umekuza mambo. Kuna na lile la kale, kwamba binti akiulizwa habari ya posa akanyamaza, amekubali. Limeumiza watu wengi, tusilipeleke mezani. Kicheko kifupi, macho kwenye simu, ghafla kuna kwaya: huyo ameshakujibu. Ukiona mchezaji aliyekuwa anachangia amekuwa mtu wa "ndiyo", "sawa", "vyovyote", au anaanza kukusanya vitu vyake kabla ya muda, simamisha mchezo. Chai inatosha kuwa sababu.

Nasikia pia watu wakitetea mambo kama haya kwa kusema "ni utani tu". Sisi wa nyanda hizi utani tunaujua vizuri kuliko hivyo. Mngoni akimkuta Mhehe anaweza kumwambia maneno ambayo yangetoka kwa mtu mwingine yangeleta ugomvi, na mtani anaruhusiwa kufanya vituko hata msibani. Lakini utani una mipaka yake: unajulikana ni wa nani na nani, na wote wawili wamezaliwa wakiukuta. Hakuna anayeamka asubuhi akajitangazia kwamba yeye ni mtani wa mtu asiyemfahamu. Jambo hilo hilo linaonekana upande wa pili pia. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na desturi kali ya mke kumkwepa baba mkwe wake, asikutane naye njiani wala kukaa naye chumba kimoja. Sisemi turudi huko. Nasema wazee wetu walikuwa wanajua kwamba neno lilelile, kwa watu wawili tofauti, ni mambo mawili tofauti, na walihakikisha kila mtu anajua amesimama wapi. Kundi lenu halijafanya hivyo. Limekusanya watu wa makanisa tofauti, umri tofauti na malezi tofauti, likaanza kurusha dadu.

Basi lifanyeni sasa. Miezi saba si kuchelewa. Tangaza Jumamosi moja isiyo na mchezo, mkae mzungumze mnataka hadithi ya namna gani. Wachezaji wengi wanaita kikao sifuri, kwa kuwa kwa kawaida hufanyika kabla ya kikao cha kwanza, lakini kinaweza kufanyika wakati wowote mambo yakiharibika. Mtatumia maneno mawili. La kwanza ni mstari: jambo ambalo haliingii kwenye hadithi kabisa, halitajwi wala halidokezwi. La pili ni pazia: jambo linaweza kutokea, ila halisimuliwi, tunafunga pazia na kuendelea na kilichofuata. Mgawanyo huu uliandikwa na mtunzi Ron Edwards mwaka 2003, lakini bibi zetu walikuwa nao zamani. Bibi alipofika mahali bwana harusi na bibi harusi wanaingia ndani, alisema tu "kukakucha", na hakuna mtoto aliyebaki na njaa ya hadithi.

Tatizo ni namna ya kukusanya hiyo mistari. Vitabu vingi vya wenzetu vinashauri kila mtu aseme wazi. Kwetu haifanyi kazi vizuri. Dada wa kwaya hawezi kukaa mbele ya wanaume akasema "mimi sitaki habari za kubakwa", maana swali litakalofuata, hata kama halitatamkwa, ni "kwani imemtokea?" Na mwanaume naye hatasema linalomwogopesha. Mimi hapa Iringa natumia vikaratasi. Nachana kurasa za kaunta buku vipande vinavyolingana, nagawa kalamu za rangi moja, na kila mtu lazima aandike vitu viwili kwa herufi kubwa. Asiye na la kuandika anaandika PANYA. Nataka kalamu zote zitembee kwa wakati mmoja, asijulikane nani alikuwa na jambo. Nakusanya kwenye kofia, nachanganya, naandika orodha moja kwa mwandiko wangu. Kisha tunatoka uani, na vikaratasi vyenyewe navitia kwenye jiko la mkaa mbele yao, chini ya sufuria ya maharage.

Mara moja nilikuta kikaratasi kimeandikwa HARUFU YA POMBE MDOMONI MWA MTU MZIMA. Nilikuwa nimeandaa sehemu nzima ya kilabu cha ulanzi, nikiwa nimejaza wazee, nyimbo na ugomvi, na niliipenda sana. Niliifuta yote usiku ule, nikawapeleka wahusika mashambani kwenye chai badala yake. Sijui mpaka leo ni nani aliandika, na sijawahi kujaribu kujua. Hilo la kutojaribu kujua ndilo gumu zaidi kwa mwendesha mchezo, na ndilo linalofanya watu waandike ukweli safari inayofuata.

Kikao hicho hakitakamata kila kitu. Mtu hajui jambo litamchoma mpaka limchome. Kwa hiyo lazima kuwe na njia ya kusimamisha mchezo ukiwa unaendelea. Mmarekani John Stavropoulos alibuni kadi yenye alama ya X inayokaa katikati ya meza: mtu akiigusa, kilichokuwa kinasimuliwa kinafutwa au kinabadilishwa, na haulizwi sababu. Ni chombo kizuri, lakini nikuambie ukweli wake. Kwenye meza zetu inaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa, kwa sababu kunyoosha mkono mbele ya watu ni kujitangaza. Mwendesha mchezo ndiye anapaswa kuanza kuigusa, tena kwa simulizi yake mwenyewe. Mimi natumia kizibo cha soda. Siku ya kwanza naeleza jeraha la vita, nafika mahali pabaya, nakigeuza kizibo mwenyewe na kusema "hapana, hapa nimezidisha, tupite". Baada ya kuniona nafanya hivyo mara tatu, watu wanaanza kukigusa na wao. Ongeza na neno "tupite" peke yake, ambalo mtu anaweza kulisema bila kugusa chochote. Na mlango uwe wazi: anayetaka kutoka nje anatoka, hafuatwi na hahojiwi akirudi.

Sasa swali lako la kufuta mapenzi yote. Unaweza. Kuna meza nyingi nzuri zisizo na mapenzi kabisa, na kwa kundi la watu wasiofahamiana ningekushauri uanzie huko. Lakini kwako mapenzi yenyewe hayajaharibu kitu. Angalia hao wawili wenye kisa cha uchumba. Bila shaka walizungumza kwanza. Bila shaka mmoja akisogeza hadithi hatua moja, anamsubiri mwenzake asogeze yake. Hapakuwa na dadu, na kila mmoja angeweza kusimama wakati wowote. Ukifuta uchumba wao kwa sababu ya hema la malenga, utakuwa umewaadhibu waliofanya vizuri, na wataanza kumlaumu yule dada aliyeondoka. Acha uchumba uendelee, weka pazia mlangoni mwa chumba, basi. Uwaulize tu wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kama bado wanaufurahia. Kama mmoja wao ana mchumba au mwenzi nyumbani, mkumbushe kwa upole kwamba kitenge kinachuja. Kuna tabia nimeizoea na inasaidia: mchezo ukiisha tunaitana majina yetu halisi, tunakunywa chai, tunaulizana habari za kazi, na hakuna anayeondoka akiwa bado mhusika.

Kuhusu mdogo wako sina kona mbili. Mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na akiwa amekaa mezani hakuna habari za kitandani, hata nyuma ya pazia. Wahusika wanaweza kupendana, kuandikiana barua, kuoana. Inaishia hapo. Asitongozwe na mhusika wa mtu mzima na asicheze mhusika anayetongozwa. Kama watu wazima wanataka hadithi nyingine, watafute siku nyingine bila yeye. Angalia pia kundi lenu la WhatsApp, kama yumo. Picha na michoro ya wahusika wakiwa uchi, ambayo watu huitumiana wakidhani ni sanaa ya mchezo, inaweza kuwaingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hata bila sheria haifai kufika kwenye simu ya mtoto.

Dada wa askari mjibu leo. Amefanya kile ambacho malenga hakufanya: ameuliza kabla. Kila siku anayokaa bila jibu anazidi kujuta kwamba aliuliza. Usimhoji kwa nini anataka hivyo. Anayecheza muuaji hatumuulizi ameua nani, na mhusika siyo ungamo la mchezaji. Inawezekana anatafuta tu hadithi yenye huzuni na siri ndani yake. Inawezekana lina uzito zaidi kwake. Kwa vyovyote ni lake, na ukilipeleka kwa wenzako bila ruhusa yake utakuwa umefanya kosa kubwa kuliko la malenga. Unajua mazingira yetu. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inaadhibu vikali vitendo vya mapenzi ya jinsia moja, na mtaa huwa hausubiri mahakama. Uvumi mmoja unaweza kumgharimu mtu chumba cha kupanga, kazi, hata ndugu, na unaweza kuanzia kwenye sentensi moja iliyotoka mezani kwenu ikafika Mwanjelwa ikiwa imepoteza neno "mhusika" njiani.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: meza yako inaweza kutunza siri? Kama hujui, jibu ni bado. Mpe njia ambazo hazimwekei hatari. Askari anaweza kuwa na mtu aliyempenda na kumpoteza, mkamjua ninyi wawili tu kama sehemu ya historia yake, na mbele ya wengine akatajwa kama "mwenzangu wa kikosi". Kisa hakipungui nguvu. Kwenye Kiswahili fumbo limebeba mapenzi mengi tangu zamani. Na kama unaona hata hilo halitakaa salama, mwambie wazi kwamba meza yenu haijawa tayari, na kwamba upungufu ni wa meza, yeye hajakosea lolote kwa kuuliza.

Nimemwacha malenga mwishoni kwa sababu watu wengi wangeanza naye, wakamfukuza, wakadhani kazi imekwisha. Zungumza naye ana kwa ana, siyo mezani na siyo kwenye kundi la simu. Mweleze ulichokiona, kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasema, na kilichotokea usoni mwa yule dada. Kisha nyamaza, umsikilize. Vijana wa namna hii nimekutana nao wa aina mbili. Kuna mwenye haya nyingi maishani, ambaye mhusika anamfanyia yale asiyoweza kuyafanya mwenyewe. Huyu akielezwa hushtuka kweli, wakati mwingine hulia, na wengi wao wamekuwa wachezaji wazuri sana baadaye. Na kuna anayemtaka yule dada mwenyewe, akitumia zeze kama mlango wa nyuma ili akikataliwa aseme "ni mchezo tu". Muulize moja kwa moja: "Unampenda yeye?" Kama anampenda, hayo ni mambo yao nje ya meza, akamwambie kwa jina lake halisi na apokee jibu lolote. Na asimwombe msamaha kwa kumfuata nyumbani wala kwaya. Kama ana msamaha aupitishe kwako, yule dada aamue kama anataka kuusikia.

Akikataa kuelewa, akasema huwezi kumpangia anavyocheza mhusika wake, mwambie asije tena. Itakugharimu. Pengine ndiye mwenye vitabu, au ndiye rafiki yako wa muda mrefu, na kampeni ya miezi saba inaweza kufa. Bado ningemwambia.

Kuna mambo ambayo si ya kumalizwa na mwendesha mchezo, na nakuomba usijaribu. Kama ataanza kumfuatafuata yule dada, kumtumia ujumbe asioutaka au kumgusa, jambo hilo limeshatoka kwenye mchezo. Tangu 1998 sheria yetu inatambua kwamba unyanyasaji wa kijinsia unaweza kufanywa hata kwa maneno, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi. Msindikize yule dada kama anataka kwenda. Usiende kwa niaba yake bila yeye kujua. Jambo lolote la namna hiyo likimgusa mdogo wako, namba 116 ni ya kusaidia watoto na ni bure kupiga, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu yupo kwa kazi hiyo. Na kama siku moja mchezaji ataganda mezani, akatetemeka, akashindwa kupumua vizuri au akawa kama hayupo, funga mchezo. Mpe maji, mwite jina lake, mwambie yuko wapi na ni saa ngapi. Usimuulize kilichompata zamani. Akishatulia, mshauri amwone mnasihi au aende kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa, na kama hataki kwenda peke yake, mtafutie mtu anayemwamini wa kumsindikiza.

Ukishazungumza na malenga, mwandikie yule dada. Siyo kabla, kwa sababu utakuwa unaahidi kitu ambacho bado hujakifanya. Usiandike kirefu. "Dada, habari za siku. Jumamosi ile nilipaswa kusimamisha simulizi na sikusimamisha. Nisamehe. Nimeshazungumza na mwenzetu, na jambo lile halitatokea tena mezani kwangu. Huna haja ya kunijibu wala kueleza chochote. Kiti chako kipo ukitaka kurudi, na usipotaka hakuna atakayekusema." Asipojibu, usimtumie wa pili, na usimtume mtu.

Mhusika wake usimuue, wala usimpe mtu mwingine amcheze. Mpandishe mtumbwi, avuke kupeleka habari ng'ambo ya ziwa, arudi siku mwenyewe atakayotaka. Na mkikaa Jumamosi, kabla ya dadu ya kwanza, waambie wote kwamba ile ya hema haikutokea. Malenga alilala nje karibu na moto, zeze lake likiwa pembeni, na asubuhi wenzake walimkuta hapo hapo.